Nta ya Kiangazi

Wanaka,
12 Juni 1995

Dada Ngahuia,

Hujambo dada yangu, na Baba anaendeleaje? Mkono wake wa kulia umeanza kushika kitu au bado umelala? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inakata masikio, na Mama Noeline mwenye nyumba anabania kuni kana kwamba anazizaa yeye.

Nimekutumia ubao wangu wa kutelezea theluji kwa basi. Utakufikia Alhamisi kama feri ya kuja kisiwa cha huko haitachelewa. Nimeufunga kwenye lile blanketi letu la zamani, usilitupe. Mlima unafunguliwa wiki ijayo, na nikiutazama ubao huu tumboni, upande unaoteleza, naona aibu. Umekauka hadi umepauka, kama mguu usiopakwa mafuta. Ule mkwaruzo wa mwaka jana uko pale pale, na kingo za chuma zimeota kutu. Nifanyie kama kawaida, dada: ziba, noa, paka nta, kwangua. Vijana ninaofanya nao kazi kwenye lifti ya viti inayopandisha watu mlimani wanauliza kila msimu ni fundi gani anayeninolea, nami nawajibu ni dada yangu, yuko mbali, hakodishwi.

Nirudishie kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo. Msalimie Baba. Mwambie theluji ya huku ni kavu kama unga, lakini haina ladha ya kwetu.

Mdogo wako,
Ripeka


Ohakune,
18 Juni 1995

Ripeka mdogo wangu,

Salamu zako zimefika. Baba hajambo kwa kipimo chake. Mkono bado umelala, mguu anauburuta, na maneno yake ya siku nzima unaweza kuyahesabu ukiwa unasonga nywele. Mimi nipo.

Ubao wako ulifika, na ndio huu unarudi. Sijaugusa. Nimeufungua, nikautazama, nikaufunga tena kwenye blanketi. Usidhani watu wa basi wamekosea.

Nimechoka, Ripeka. Sisemi nimechoka leo. Kiwandani tunaosha karoti tumesimama kwenye maji baridi tangu asubuhi, nikitoka hapo vidole havikunjiki. Nikifika nyumbani namwogesha Baba, namlisha, nambadilishia shuka. Halafu basi linaleta ubao. Mwaka juzi nilikunolea, mwaka jana nilikunolea, nimepiga magoti kwenye banda la gari na tochi nimeing'ata kwa meno. Mwaka huu sipigi magoti.

Utajifunza mwenyewe. Tafuta pasi ya zamani isiyopigwa nguo tena, maana ikishaonja nta haifai kwa blauzi ya mtu. Moto wake uwe ule wa sufu, usipite hapo. Fungua mikanda ya miguu kwa bisibisi, ulaze ubao juu ya viti viwili, tumbo litazame juu. Futa vumbi lote kwanza. Gusisha kipande cha nta kwenye pasi, kidondoke matone matone kutoka puani hadi mkiani, kisha pitisha pasi polepole bila kusimama. Ikisimama, ubao unaungua. Ukiona moshi, moto umezidi. Acha nta ipoe kabisa, halafu ukwangue kwa kipande kigumu cha plastiki. Nunua nta ya baridi kali. Hii yetu ya theluji ya majimaji huko haitakufaa.

Habari ya kingo tutazungumza ukishafaulu hilo.

Dada yako,
Ngahuia


Wanaka,
2 Julai 1995

Dada,

U mzima? Baba je? Ningeuliza kwa simu, lakini simu ya Mama Noeline ina kufuli na ufunguo anaulalia.

Nilipoona ubao ule ule umeshushwa na kutu ile ile, nilikaa kitandani nikanuna. Niliandika barua yenye maneno makali, nikaichana, kwa hiyo hii unayosoma ni ya pili na ina adabu.

Nimejaribu. Pasi ya zamani sikuwa nayo, nikaazima ya Mama Noeline bila yeye kujua kwamba ameniazima. Ulisema moto wa sufu. Nikaona nta inayeyuka kwa kusitasita, nikaongeza hadi moto wa kitani. Moshi uliotoka, dada, ulimfanya jirani avuke ua aje kuangalia kama nyumba inaungua. Katikati ya tumbo la ubao pamebaki kovu linalong'aa, refu kama kiganja. Halafu nikajiambia, nta ikiwa nyingi si ndiyo itateleza zaidi? Kwa nini nikwangue kitu nilichokinunua? Nikapanda nao mlimani hivyo hivyo. Haukuteleza. Ulinata kama mwiko kwenye uji. Watoto wa shule wakawa wananipita, mmoja akasimama akaniuliza kwa heshima zote, "Shangazi, umekwama?" Shangazi, mimi, nisiye hata na mchumba.

Jumapili Mama Noeline alipiga pasi blauzi yake ya kanisani. Hapo sina la kuongeza. Nimemnunulia pasi mpya, na ile ya zamani sasa ni yangu kihalali.

Nifundishe tena, dada. Polepole.

Mdogo wako,
Ripeka


Ohakune,
15 Julai 1995

Ripeka,

Huku hatujambo. Wiki hii Baba anakula viazi vitamu vizuri, nyama anaitema. Jumatano Shangazi Pare alikuja akakaa naye mchana wote, nami nikalala na viatu miguuni.

Nilimsomea Baba barua yako. Nilipofika pale pa "Shangazi, umekwama?" alitoa sauti ambayo sijaisikia siku nyingi. Nadhani ni kicheko. Kwa hiyo endelea kuharibu, kuna faida yake.

Sasa sikiliza. Nta iliyobaki juu haikusaidii kitu. Inayokusaidia ni iliyoingia ndani. Kwangua mpaka uionee huruma nta yako, kisha kwangua tena, halafu piga brashi kutoka puani kwenda mkiani, kila mara upande huo huo. Lile kovu liache lilivyo.

Kwenye kingo, chukua kalamu ya wino mzito ukipake chuma chote. Shika tupa kwenye kishikio chake kinachoiweka katika pembe moja, uivute upande mmoja tu. Usiipeleke na kuirudisha kama mtu anayekata mbao. Tazama wino. Uliposalia, tupa haijafika. Ukiisha wote acha hapo hapo, maana chuma ulichokwisha kukila hakirudi.

Mwisho unapima kwa ukucha, hilo hulijui vizuri kwa sababu ulikuwa unalikimbia. Weka ukucha wa kidole gumba juu ya ukingo, uvute taratibu. Ukiparuzika na kuacha unga mweupe, ubao umenoleka. Unakumbuka Baba hakumwachia mtu wa nyumba hii apande mlimani kabla hajaweka ukucha wake mwenyewe, akatazama, akasema, "Nenda." Hata asubuhi za theluji mpya, wenzetu wanapiga honi barabarani, ilikuwa lazima tusimame bandani tungoje neno lile. Wewe ulikuwa unapitia dirishani. Mimi nilingoja kila siku.

Hao vijana wako wanaouliza habari za fundi, waambie fundi hajakanyaga theluji tangu Baba apigwe na kiharusi. Ubao wangu unaning'inia bandani na ile nta nzito ya kiangazi, ile tunayoipaka mwisho wa msimu na kuiacha bila kukwangua ili kingo zisishike kutu hadi baridi irudi. Niliipaka nikijua nitakuja kuikwangulia Wanaka. Kazi nilishapata, na chumba kwa Mama Noeline nilishakilipia. Wiki ya kuondoka Baba akaanguka. Wewe ukaenda ili nafasi isipotee, kwa msimu mmoja tu. Ndivyo tulivyokubaliana, mimi na wewe, tumesimama hapa jikoni. Huu unaokwenda ni wa nne, na nta iko vile vile.

Sikulaumu leo. Nimeishiwa hata nguvu za kulaumu. Nakwambia tu ilivyo.

Dada yako,
Ngahuia


Wanaka,
27 Agosti 1995

Dada yangu Ngahuia,

Pokea salamu za mtu aliyekawia kwa aibu. Natumaini Baba anakula, na kwamba wewe umepata siku nyingine ya kulala, safari hii bila viatu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nililala kwenye kitanda hiki msimu wa kwanza nikisema mwakani dada atakuja. Msimu wa pili nikasema hivyo kwa sauti ndogo. Baadaye nikaacha kusema. Nimekukosea.

Ila kazi nimeishika. Nimekwangua mpaka sakafu ya Mama Noeline ikawa nyeupe. Jana nilipaka wino, nikavuta tupa, nikaweka ukucha, na unga ukatoka. Nilisimama pale peke yangu nikiwa na hamu ya mtu wa kuniambia nenda, nikajua kwa mara ya kwanza kwa nini ulikuwa unangoja.

Sasa usikasirike. Nimemwandikia Shangazi Pare. Amekubali kukaa na Baba Jumapili ya tarehe 24 Septemba, tangu asubuhi hadi magharibi. Masharti yake ni mawili: awekewe pai ya nyama, na mtu asimuulize habari za goti lake. Kwa hiyo, dada, shusha ubao wako ukutani. Ukwangue. Mlima uko juu ya paa la nyumba yenu, nenda siku hiyo moja. Mwaka ujao tutazungumza habari ya siku nyingi.

Mdogo wako,
Ripeka


Ohakune,
4 Oktoba 1995

Ripeka,

Sisi ni wazima, na hilo ndilo la kushukuru. Najua umesikia redioni.

Nilifanya ulivyosema. Ijumaa, nilipotoka kiwandani, nilimweka Baba kwenye kiti mlangoni pa banda, nikashusha ubao. Ile nta ilikuwa imegeuka njano. Ilitoka kwa vipande virefu vilivyojikunja, na chini yake tumbo lilikuwa jeusi na safi, kama siku niliyolifunika. Nilicheka peke yangu. Nikapaka nta mpya, nikanoa, nikampelekea Baba. Akaweka ukucha wa mkono wa kushoto, huo mzima. Akautazama ubao, akanitazama mimi, akafungua mdomo. Neno halikutoka. Nikamwambia usijali Baba, kesho ipo, nitangoja.

Jumamosi jioni mlima wetu wa volkano ukalipuka. Tulikuwa dirishani. Moshi mweusi ulipanda hadi ukafunika nusu ya mbingu, na tope likashuka mabondeni. Juu kulikuwa bado na watu, nao wameshuka salama. Baba hakupepesa macho. Mtu aliyeendesha tingatinga la kusawazisha theluji ile kwa nusu ya maisha yake, kila bonde analijua, na sasa analitazama linafunikwa. Shangazi Pare alikuja Jumapili kama alivyoahidi. Tukala pai sote watatu.

Wamefunga kila kitu. Hata hivyo wiki iliyopita nilienda. Niliacha gari kwenye kizuizi cha barabara, nikapanda kwa miguu kati ya miti hadi nilipoikuta theluji. Juu yake majivu yalikuwa yametanda. Nikafunga miguu ubaoni, nikashuka kipande kifupi, na sauti ilikuwa ya msasa kwenye mbao. Nililia kwa hasira, Ripeka. Misimu minne, nikapewa msasa.

Nikarudi bandani, nikawasha pasi, nikaupaka ubao nta hivyo hivyo, na majivu yake. Mimi, niliyekufundisha ufute vumbi kwanza. Nadhani nilitaka tu kuufunika nisiuone. Nimeyayeyushia majivu ndani ya ubao. Ilipopoa tumbo lote lilikuwa la kijivu, na ukipitisha kiganja unasikia changarawe. Nimeurudisha ukutani. Umekwisha.

Tafadhali usinipangie siku nyingine.

Dada yako,
Ngahuia


Wanaka,
30 Novemba 1995

Dada,

Hujambo? Baba hajambo? Hii ni barua ya tatu, na mbili za kwanza hujajibu. Nilimpigia Shangazi Pare kwa simu ya dukani. Anasema mko hai na kwamba umekonda. Nilipotaka kuuliza zaidi akaniambia goti linamwita akakata.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata wa kunitukana.

Mdogo wako,
Ripeka


Ohakune,
21 Januari 1996

Ripeka,

Huu ndio mstari wako. Hatujambo.

Mji umekauka. Nyumba mbili za mtaa wetu zina vibao vya kuuzwa, na duka la kukodisha mbao za theluji limefungwa, kioo kimezibwa kwa karatasi. Karoti zipo, kwa hiyo mimi nina kazi, tena nyingi. Baba hasemi kabisa. Tangu mlima ulipolipuka anakaa dirishani, na nikimwita anageuka na macho tu.

Usinitumie maswali wala mipango. Sijakasirika nawe. Nikimaliza kumlaza nakaa jikoni na kikombe cha chai, na chai inapoa sijainywa, basi.

Dada yako,
Ngahuia


Wanaka,
9 Aprili 1996

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na Baba, na safari hii sitakaa kungoja majibu ya salamu, maana nitakuja kuyachukua mwenyewe.

Narudi nyumbani mwezi ujao. Nimeshasema kazini, nimeshamwambia Mama Noeline. Msimu huu mimi nitakaa na Baba, na wewe utakuja kulala kwenye kitanda ulichokilipia. Kazi ya lifti inakungoja, nimewaambia ndiye yule fundi, wakaruka kwa furaha. Mama Noeline ameuliza jambo moja tu, kama na wewe unapiga pasi. Nimemjibu unajua kupiga vizuri kuliko mimi.

Najua utasema Baba hawezi kuachwa nami, kwamba sijui kumgeuza, sijui anachotema. Kweli sijui. Utanifundisha kwa siku chache, kama ulivyonifundisha nta kwa barua, na nitaharibu, na hatakufa kwa kuvishwa soksi kinyume.

Na ubao wako haujakwisha. Nimeuliza wenyeji wa huku. Kuna majira upepo unaleta vumbi jekundu kutoka Australia, linavuka bahari yote hiyo na kutua kwenye theluji, nao wanajua la kufanya. Unapaka nta laini, unapitisha pasi, na unakwangua nta ingali moto, kabla haijapoa. Inatoka na uchafu. Unarudia hadi itoke safi. Ona sasa, mimi nakufundisha wewe. Niache nilifurahie hilo kidogo.

Usiniandikie kunikataza. Nitakuwa njiani.

Mdogo wako,
Ripeka


Wanaka,
20 Juni 1996

Ripeka mdogo wangu,

Habari za nyumbani? Baba amekula? Redio imesema mlima umeanza tena tangu Jumatatu. Majivu yamefika kwetu? Funga madirisha ya upande wa juu, na usimweke Baba nje, kifua chake hakitaki vumbi. Dawa ya asubuhi anameza pamoja na uji, si baada yake.

Mimi ni mzima. Mama Noeline ananiita kwa jina lako na nimeacha kumsahihisha. Kazi ya lifti si nzito. Nasimama, nashika kiti, mtu anakaa, nashika kingine. Theluji ni kavu kama ulivyosema. Vijana wako wananiuliza mbona sipandi. Wameniletea mbao za kuazima, maana wangu niliuacha ukutani, nazishika, nazipima kwa ukucha, nawarudishia. Nimewanolea mbili. Sijapanda.

Nitakwambia ukweli, kwa sababu kuuficha kunachosha pia. Siku ile naondoka nilimwinamia Baba nikaagana naye. Alitazama dirishani. Nilikaa naye mpaka dereva akapiga honi mara ya pili, nikingoja, na hakugeuka. Nimeondoka kwetu bila neno, Ripeka. Kila nikifunga mguu mmoja kwenye ubao wa mtu naona kama nimemtoroka. Wewe uliweza kupitia dirishani na ukalala usingizi. Mimi sikuumbwa hivyo.

Nafikiri nitarudi mwisho wa mwezi ujao. Nimeulizia basi. Niambie tu kama Baba amekula.

Dada yako,
Ngahuia


Ohakune,
21 Julai 1996

Dada Ngahuia,

Baba amekula. Nakuanzia na hilo ili usome mengine kwa utulivu. Amekula viazi vitamu, nyama ameitema, na dawa amemeza na uji. Majivu yamefika. Niliyafagia kwenye paa, nikayafua kwenye shuka, nayaona mpaka kwenye chai. Kifua chake ni kizima, madirisha nimeziba kwa taulo.

Sasa najua ulichokuwa unakisema uliposema umechoka. Nilidhani ni uchovu ninaoujua mimi, wa kushuka mlimani jioni. Huu ni mwingine. Jana nilijikuta nimesimama mbele ya jokofu lililo wazi, sijui nilitaka nini. Nikakukumbuka wewe na ule ubao wangu uliofungwa kwenye blanketi, na nikaona haya hata mbele ya jokofu.

Sikiliza nilichofanya. Nilishusha ubao wako. Nilimweka Baba pale pale mlangoni pa banda, nimemfunika mablanketi mawili, nikaanza. Nta laini, pasi kwenye moto wa sufu, nikakwangua ingali moto. Ilitoka ya kijivu kama maji ya kudekia. Nikarudia. Ikatoka ya kijivu. Nimerudia siku baada ya siku, kila nikishamlisha mchana, na Baba akawa anatazama mikono yangu badala ya dirisha. Siku moja nilisahau kumtoa nje, akagonga mkono wa kiti mpaka nikaja. Mwishowe nta ikatoka nyeupe. Nilimwonyesha kile kipande, akakishika, akakinusa.

Nikaja kwenye kingo. Zilikuwa zimeliwa na ile changarawe vibaya. Nikapaka wino, nikavuta tupa, nikampelekea. Akaweka ukucha. Akasema, "Bado."

Dada, nilikaribia kuangusha tupa. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu nije. Sikumwonyesha nimeshtuka, nikasema ndiyo Baba, nikarudi kwenye viti. Kesho yake nikampelekea tena. "Bado." Keshokutwa, "Bado," na safari hii alilisema kwa kero, kama zamani alipokuwa anatusema tulipoacha mlango wazi. Nimenuna na kufurahi kwa pamoja, sijui kama uliwahi.

Leo asubuhi nikampelekea. Akavuta ukucha taratibu, upande mmoja, kisha mwingine. Unga ukaanguka kwenye blanketi. Akaugeuza ubao kwa mkono wake huo mmoja, nami nikausaidia, akatafuta pale mkiani ulipochonga herufi ya kwanza ya jina lako ukiwa mdogo, siku aliyokuchapa kwa kuuharibu. Akapitisha kidole pale. Kisha akasema, maneno yanatoka moja moja, akiutazama ubao wala si mimi:

"Ngahuia. Nenda."

Nikamuuliza, Baba, nimwambie hivyo? Akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyeuliza swali la kijinga.

Kwa hiyo nimekwambia. Ubao uko ndani ya basi, kwenye blanketi letu, utakufikia Alhamisi kama feri haitachelewa. Nimeupaka nta nzito ili bahari isile chuma chake, na sikuikwangua. Hiyo utakwangua mwenyewe, kama ulivyokusudia. Mimi nikiugusa tena Baba atanifukuza.

Basi la kurudi usiliulizie. Hapa nimekaa.

Mdogo wako,
Ripeka


Wanaka,
25 Agosti 1996

Ripeka mdogo wangu,

Hamjambo nyote wawili? Baba amekula?

Nisamehe kwa kukaa kimya wiki zote hizi. Nilikuwa mlimani. Miguu inaniuma yote miwili, goti la kushoto limevimba, na Mama Noeline ananikandia kwa maji ya moto huku akilalamika bei ya kuni.

Mwambie Baba nilikwenda.

Dada yako,
Ngahuia